KIVULI, RANGI NA MKONO WA MCHORAJI
Picha zinazotembea katika historia na mbele ya mizani ya fiqhi

 

Imepita zaidi ya miaka ishirini tangu tulipokuwa tukisomesha watoto katika madrasa moja ya mtaani, ambayo jina lake hatulitaji. Usiku mmoja, baina ya Maghribi na Isha, tuliwaona watoto watatu wamejikusanya pembeni wakicheka. Katikati yao alikuwapo mmoja wa miaka kama kumi na moja, ameishika pembe ya daftari lake kwa kidole gumba, akiziachia kurasa zipite mbiombio. Katika pembe ya kila ukurasa alikuwa amechora kwa kalamu ya risasi kitu kidogo. Tukalichukua daftari lile, tukatupia jicho ukurasa wa kwanza, tukalichana vipande viwili mbele ya wenzake na kuwasomea hadithi ya adhabu ya wachora picha. Mtoto hakulia wala hakusema neno.

Siku ya tatu baba yake, ambaye ni mvuvi, alikuja baada ya Isha. Akatoa salamu, akakaa, kisha akasema: "Maalim, sikuja kugombana. Nataka kujua tu, mle ndani mlikuwa na nini?" Tukamjibu kwamba mlikuwa na picha za viumbe wenye roho. Akauliza: "Picha gani, maalim?" Hapo tukanyamaza. Tulikumbuka kitu chenye mabawa, lakini alikuwa ndege, au jahazi lenye tanga? Hatukutazama. Akasema, "Haya maalim, Mungu atulipe sote kheri," akaenda zake. Mtoto akahamishiwa chuo kingine.

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu jambo lenyewe limerudi mlangoni petu. Walimu vijana wa madrasa wametuletea swali: ipo katuni fupi iliyochorwa kwa mkono, inayowafundisha watoto kutia udhu. Je, inafaa kuwaonyesha? Katika kikao chao walikuwa wamegawanyika makundi mawili. Wa kwanza walisema picha ni haramu na mjadala umekwisha. Wa pili walisema kamera imeshajuzishwa na maulamaa wengi, nasi wenyewe tuna picha katika pasipoti, basi katuni ina tofauti gani?

Kwa maoni yetu makundi yote mawili yameruka hatua. Wanachuoni wa Usuul wametufunza kwamba hukumu ya kitu ni tawi la kukijua kitu chenyewe. Basi kwanza tukijue.

Msingi wa picha zinazotembea ni udhaifu mmoja wa jicho la mwanadamu, nao ulielezwa mapema na mtu wa umma huu. Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 354 Hijria na kufariki Cairo karibu na mwaka 430, ameandika katika Kitaab al-Manaadhir habari ya pia wanayochezea watoto. Ikiwa pia imepakwa rangi mbalimbali kisha ikazungushwa kwa kasi, jicho halizioni tena zile rangi moja moja, linaona rangi moja iliyochanganyika. Kwa mfano huo akathibitisha kwamba kuona kunahitaji muda. Kitu kikipita haraka kuliko muda huo, jicho huunganisha kilichotangulia na kinachofuata. Ibn al-Haytham hakuwa akitafuta mchezo. Alikuwa akitafuta jinsi nuru inavyofika machoni na moyo unavyohukumu. Lakini pia ile ya watoto wa Cairo ndiyo daftari la mtoto wetu.

Jambo hilo lilikaa karne nane kabla watu wa Ulaya hawajalifanya ufundi. Mwaka 1832 Joseph Plateau wa Ubelgiji alitengeneza sahani ya duara yenye picha ukingoni. Ukiizungusha mbele ya kioo na kutazama kupitia matundu, picha zinacheza. Kisha akaja mtu ambaye habari yake imetushughulisha kuliko wengine wote, Mfaransa Émile Reynaud, aliyezaliwa mwaka 1844. Mwaka 1877 alitengeneza chombo cha vioo kilichozungusha utepe wa picha kumi na mbili. Hakutosheka nacho, kwa kuwa picha kumi na mbili hurudia yale yale. Akabuni utepe mrefu, akaupanga vipande vidogo vya jelatini inayopitisha mwanga, na juu ya kila kipande akachora na kupaka rangi kwa mkono wake mwenyewe, kimoja baada ya kimoja. Baina ya kila picha na jirani yake akatoboa tundu la kuushika utepe usiteleze.

Tarehe 28 Oktoba 1892, katika jumba la Musée Grévin mjini Paris, watu walikaa gizani na kuona picha hizo zikitupwa kwa taa na vioo juu ya kitambaa. Kisa kimoja, kiitwacho Pauvre Pierrot, kilikuwa na picha 500 katika utepe wa mita 36. Reynaud alisimama nyuma ya kitambaa akizungusha kwa mikono miwili, mbele na nyuma, akiwasimamisha watu wake wa rangi pale hadhira ilipocheka, kisha akiwaendesha tena. Hii ilikuwa miaka mitatu kabla ya ndugu Lumière kuonyesha sinema ya kamera mbele ya watu, Desemba 1895. Hapa ndipo tunapomwomba msomaji asimame kidogo: picha inayotembea iliyochorwa kwa mkono ni kongwe kuliko sinema ya kamera, wala haikuzaliwa nayo.

Kamera ndiyo iliyomwua Reynaud kibiashara. Yeye alihitaji miezi mingi kuchora dakika chache, na kamera ilizinasa dakika hizo kwa muda uo huo wa dakika chache. Mwaka 1900 maonyesho yake yalisimama, baada ya watu zaidi ya nusu milioni kuyatazama. Miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa ufukara na kukata tamaa, alikwenda ukingoni mwa mto Seine akatupa majini sehemu kubwa ya tepe zake. Zimesalia mbili tu. Alikufa mwaka 1918.

Waliofuata walipunguza mzigo bila kuuondoa. Mmarekani Earl Hurd, mwaka 1914, alisajili njia ya kuchora watu juu ya karatasi angavu ya seluloidi na kuilaza juu ya mandhari iliyochorwa mara moja tu, ili mchoraji asirudie nyumba na miti kila mara. Hata hivyo hesabu inabaki nzito. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde, na desturi ya wengi ni kuutumia mchoro mmoja kwa picha mbili. Kwa hiyo dakika kumi zinahitaji michoro 7,200. Na wapo walioshikilia njia ngumu zaidi. Mrusi Aleksandr Petrov alikamilisha mwaka 1999 filamu ya dakika ishirini hivi iitwayo The Old Man and the Sea, kwa kupaka rangi ya mafuta juu ya kioo kwa ncha za vidole vyake. Alichora, akapiga picha ya kamera, akafuta kidogo, akachora tena juu yake, zaidi ya mara 29,000. Kazi ilipokwisha, ile michoro yenyewe haikuwapo tena. Mwenye kusoma fiqhi aliweke akilini jambo hili, tutalirudia inshaallah.

Sasa tugeukie upande wetu. Je, wanachuoni wa Kiislamu waliwahi kukutana na picha zinazotembea kabla ya zama hizi? Wengi wa wanafunzi wetu hudhani hawakuwahi. Ukweli ni kwamba walikutana nazo kwa karne nyingi, kwa jina la khayaal adh-dhill, yaani mchezo wa vivuli. Vikaragosi vya ngozi iliyokwanguliwa mpaka ikapitisha mwanga, vimetobolewa nakshi na kutiwa rangi, huchezeshwa kwa vijiti nyuma ya pazia jeupe, taa ikiwa nyuma yao. Watazamaji huona watu, farasi, merikebu na ndege wakitembea na kusema. Tofauti yake na utepe wa Reynaud ni kwamba kikaragosi hiki kinasukumwa kwa mkono wakati uo huo, na kile kilichorwa mara nyingi kabla. Kwa mtazamaji aliyekaa mbele ya pazia, rangi, mwanga na harakati ni vile vile.

Vitabu vya adabu vinasimulia kwamba mwaka 567 Hijria, sawa na 1171 Miladia, baada ya kuangushwa dola ya Kifatimi, Sultani Salahud-Din aliletewa mmoja wa wachezeshaji waliokuwa katika kasri la Cairo. Akataka waziri wake mwanachuoni, al-Qaadhi al-Faadhil, atazame pamoja naye. Al-Qaadhi al-Faadhil akasimama kutaka kuondoka. Sultani akamwambia kwamba ikiwa jambo lile ni haramu, basi na yeye hatahudhuria. Mwanachuoni akarudi akakaa, akatazama mpaka mwisho. Alipoulizwa ameonaje, akajibu kwamba ameona mawaidha makubwa: ameona dola zikija na dola zikiondoka, na pazia lilipokunjwa akakuta mwenye kuziendesha zote ni mmoja.

Wengi wanaoinukuu habari hii hutaja jawabu lake tu, kwa uzuri wake. Sisi tunatazama kule kukaa chini. Alisimama kwa wara', jambo la kusifiwa, kisha akakaa ili ajue anachokihukumu. Masufi nao waliokota mfano uo huo. Muhyid-Din ibn Arabi ameutumia mchezo wa vivuli katika al-Futuuhaat kuwa mfano wa walimwengu na Mwenye kuwaendesha.

Tusije tukamdanganya msomaji, hata hivyo, kwamba pazia lile lilikuwa la mawaidha matupu. Mwandishi mashuhuri wa michezo hiyo alikuwa Shamsud-Din Muhammad ibn Daniyaal, mtu wa Mosul aliyehamia Cairo baada ya nchi yake kukumbwa na Wamongoli, akafungua duka la kutibu macho karibu na Baab al-Futuuh, akafariki mwaka 710 Hijria (1310). Mganga wa macho aliyewachezea watu macho! Michezo yake mitatu imetufikia, nayo imejaa mizaha ya ulevi na uchafu ambayo hatuwezi kuisimulia katika kurasa hizi. Kwa hiyo haishangazi kwamba mwaka 855 Hijria (1451) Sultani Jaqmaq wa Misri aliamuru vikaragosi vya mchezo huo vikusanywe na kuchomwa moto. Je, vilichomwa kwa kuwa ni sura, au kwa yaliyokuwa yakisemwa kupitia kwao? Mchezo haukufa, na watu wa Misri waliendelea nao. Mwaka 1909 mtaalamu wa Kijerumani Paul Kahle alivipata vikaragosi vya zamani vya ngozi katika eneo la Manzala, kwenye delta ya Nile.

Tuingie katika fiqhi. Dalili za kukataza zinajulikana, nasi hatutaki kuzipunguza uzito. Ni katika Bukhari na Muslim kwamba wachora sura ni miongoni mwa watakaopata adhabu kali zaidi Siku ya Kiyama, na kwamba wataambiwa wavipe uhai walivyoviumba. Ibn Abbas (r.a) alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa uchoraji, akamsomea hadithi, kisha alipoona uso wa yule mtu umebadilika akamwelekeza achore miti na kila kisicho na roho. Tunapenda wanafunzi waitazame sehemu hii ya mwisho. Sahaba yule alimfungia mtu mlango mmoja na papo hapo akamfungulia mwingine, wala hakumwacha aende na njaa.

Imamu Nawawi (amefariki 676 Hijria), ambaye Minhaaj yake imesomeshwa pwani yetu kizazi baada ya kizazi, ameiweka mas-ala hii mahali ambapo mgeni wa fiqhi hangeitafuta: katika mlango wa karamu ya harusi. Anataja kwamba miongoni mwa munkari zinazomwondolea mtu wajibu wa kuitika mwaliko ni sura ya mnyama iliyoko darini, ukutani, katika mto uliosimamishwa, pazia au nguo ya kuvaliwa. Lakini iliyoko chini sakafuni, katika busati au mto wa kuegemewa, iliyokatwa kichwa, na sura za miti, hizo hazina neno. Kisha anaharamisha kuichora sura ya mnyama. Basi ndani ya mistari michache Imamu ametenga mambo mawili: kuichora sura, na kukaa mahali ilipo. La kwanza amelifunga. La pili amelipambanua kwa kadiri sura ilivyotukuzwa au kudunishwa, na kwa kadiri ilivyotimia au kupungua.

Katika Sharhu Muslim ameitaja kauli ya baadhi ya Salaf kwamba kinachokatazwa ni chenye kivuli tu, yaani sanamu la kusimama, naye akaihukumu kuwa ni madhehebu batili. Ibn Hajar al-Asqalaani (amefariki 852), naye ni Mshafi kama yeye, hakuiacha ipite. Katika Fat-hul Baari amesema kwamba kauli hiyo imepokewa kwa sanadi sahihi kutoka kwa al-Qaasim bin Muhammad, mjukuu wa Abubakar (r.a), mmoja wa fuqahaa saba wa Madina, tena aliyelelewa na shangazi yake Bibi Aisha (r.a), mpokezi wa hadithi ya pazia. Ndani ya dalili hizo ipo pia hadithi ya Zayd bin Khaalid inayovua nakshi iliyo katika nguo. Kwa Wamaliki wengi, sura bapa isiyo na kivuli haifiki katika haramu, ni karaha tu. Na Asbagh, mwanachuoni wao wa Misri aliyefariki mwaka 225, alijuzisha kile kisichodumu, kama sura iliyofanywa kwa ganda la tikiti. Wenzake walimkhalifu. Lakini tumkumbuke yule Mrusi na kioo chake: sura 29,000, hakuna hata moja iliyolala mpaka asubuhi ya kazi kumalizika. Mas-ala ya Asbagh yalikuwa yakingoja karne kumi na mbili kupata mfano wake.

Sasa tuje kwenye hoja ya kundi la pili la walimu wetu, kwamba kamera imejuzishwa. Mufti wa Misri Sheikh Muhammad Bakhiit al-Mutii'i, aliyeshika cheo hicho kuanzia mwaka 1914 mpaka 1920, aliandika risala ya kujuzisha picha za kamera. Hoja yake ni kwamba kamera haiumbi sura. Inakinasa tu kivuli cha alichokiumba Allah, kama kioo kinavyoonyesha uso wa mtu, ila hiki kimefungwa kisiondoke. Wako maulamaa wakubwa walioikataa hoja hiyo, wakiwemo wengi wa Saudia, nasi hatuingii katika mzozo wao hapa. Tunalotaka lionekane ni hili: hata kwa mwenye kuikubali, illa hiyo haifiki kwenye katuni ya mkono. Mchoraji wa katuni hakinasi kivuli cha kitu kilichopo. Anakileta kwa vidole vyake kitu ambacho hakikuwapo, kisha anakiendesha. Ndiye hasa yule ambaye hadithi zinamzungumza. Kwa hiyo anayejuzisha katuni kwa fatwa ya kamera amejenga juu ya msingi wa nyumba ya jirani. Akitaka kujuzisha, aje kwa nakshi ya nguo, kwa kauli ya al-Qaasim, kwa iliyopungukiwa na kisichowezekana uhai bila yake, au kwa wanasesere wa Bibi Aisha.

Hawa wanasesere ni dalili ambayo kwa watoto haina badala. Imepokewa katika Sahihi mbili kwamba alikuwa akicheza nao nyumbani kwa Mtume (s.a.w), na katika Abu Dawud kwamba miongoni mwao alikuwapo farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Mtume (s.a.w) akamwuliza ni nini kile, na farasi ana mabawa? Akamjibu: kwani hukusikia kwamba Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa? Akacheka mpaka yakaonekana magego yake. Jumhuri ya wanachuoni wameufanya mchezo wa watoto kuwa umevuliwa katika katazo kwa sababu hii. Tunakiri kwamba kila tunapoisoma hadithi hii huturudia lile daftari. Mtume (s.a.w) aliona kitu chenye mabawa mikononi mwa mtoto, na jambo la kwanza alilolifanya ni kuuliza.

Lakini dalili iliyotushangaza zaidi tulikuwa nayo kabatini siku zote. Sheikh Ibrahim al-Baajuri, aliyekuwa Sheikh wa Azhar mpaka alipofariki mwaka 1277 Hijria (1860), ameandika hashia juu ya sherehe ya Ibn Qaasim, na ni wangapi katika walimu wa pwani hawakupita katika kitabu hicho? Humo, anapozungumzia kutazama sura, amevigusa vikaragosi vya mchezo wa vivuli, na kuvijuzisha kutazamwa kwa kuwa matumbo yao yametobolewa. Kiumbe wa namna hiyo haishi. Basi Mshafi wa Cairo, katika karne ile ile aliyozaliwa Reynaud, alikuwa ameshaitolea hukumu babu yake katuni. Sisi tuliisoma ibara hiyo ujanani, tukaihifadhi, tukafaulu mtihani wake. Haikutupitikia kwamba inasema lolote kuhusu dunia tunayoishi.

Mafaqihi wa sasa wamekhitilafiana. Wapo wanaozuia moja kwa moja. Na wapo, kama Dkt. Yusuf al-Qaradhawi (amefariki 2022), walioruhusu picha bapa kwa sharti kwamba kilichochorwa kisiwe kinatukuzwa wala kisiende kinyume na dini. Kwa upande mmoja wote wameshikana: Mitume (a.s) hawachorwi. Hata filamu ya katuni ya mwaka 2002 iitwayo Muhammad: The Last Prophet, iliyochorwa Marekani, haikumwonyesha Mtume (s.a.w), sawa na ilivyofanya The Message ya mwaka 1976 iliyochezwa na watu.

Kwani hata katika nchi za Waislamu ufundi huu si mgeni kama tunavyodhani. Mwaka 1936 watu wa Cairo walitazama katuni ya kwanza iliyosema Kiarabu cha mtaani kwao, Mafiish Faayda, ya kijana mwenye tarbushi aitwaye Mishmish Effendi. Waliichora ndugu watatu wa Kiyahudi wa familia ya Frenkel, ambao waliondoka kwenda Ufaransa mwaka 1951. Huko Niger, nchi ambayo watu wake karibu wote ni Waislamu, Moustapha Alassane alichora La Mort de Gandji mwaka 1965, na mwaka uliofuata kisa cha rais wa jamhuri ya vyura anayekwenda ziara ugenini. Alifariki mwaka 2015, na huhesabiwa miongoni mwa waasisi wa katuni kusini mwa Sahara. Kuna jambo la kujiuliza hapa: Mzungu wa Berlin, Lotte Reiniger, alikata kwa mkasi vivuli vya visa vya Alfu Lela Ulela, akatoa mwaka 1926 filamu ndefu ya zaidi ya saa moja, watu wake wakiwa weusi tii, pembeni, bila macho wala pua ndani ya uso. Kwa ufundi ni mjukuu wa pazia la Cairo. Kwa mizani ya fiqhi, umbo lisilo na macho liko mbali na katazo kuliko katuni nyingi ambazo watoto wetu wanaziangalia kila siku sebuleni, na hakuna aliyetuuliza habari zake.

Baada ya kuyapitia haya tuliwajibu walimu vijana kwamba swali lao ni matatu ndani ya moja. Kuna hukumu ya mwenye kuchora, na humo sisi hatutoki katika Minhaaj, ila hatumwiti fasiki anayefuata kauli ya al-Qaasim au ya Wamaliki, na kijana mwenye kipaji tunamwelekeza alikoelekezwa yule mchoraji wa Ibn Abbas: bahari, miti, majahazi, nyota, herufi, na michoro hiyo yote inaweza kutembea. Kuna hukumu ya kutazama, nayo ina wasaa kuliko ya kuchora, hasa kwa watoto. Na kuna hukumu ya kilichomo. Hii ya tatu haijulikani mpaka mtu akae na kutazama.

Basi tukawaomba waje nayo. Wakaja Alhamisi baada ya Alasiri, wakaweka mashine juu ya meza, tukakaa wazee watatu na vijana watano. Tukaitazama tangu mwanzo mpaka mwisho, dakika sita. Mtoto wa kuchorwa alinuia, akasema Bismillahi, akaosha uso, akaosha mikono mpaka viwikoni, kisha akaosha miguu, ndipo akapaka maji kichwa. Tukawaambia wairudishe nyuma, tukaitazama tena. Miguu kabla ya kichwa, na mpangilio kwetu Mashafi ni faradhi katika udhu. Vijana wale walikuwa wameijadili katuni hiyo majuma matatu.

Tumeiandika barua kwa waliyoitengeneza ili waichore upya sehemu hiyo. Kwa hesabu yetu haizidi michoro mia nne.